Walio Nyuma ya Mama Chaki

Wale mlioapa wiki nzima kwamba Mama Chaki alipofungua stoo ya ofisi ya chama alikuta maiti, poleni sana. Hakukuta maiti. Alikuta sura yake mwenyewe.

Sura ilikuwa kwenye fulana, fulana zilikuwa kwenye maboksi, na maboksi yalikuwa yamepigwa mhuri wa Tanuru. Ndiyo, Tanuru ile ile! Kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu za magari, ambacho mwalimu huyu wa darasa la kwanza amekuwa akikipigia kelele tangu tuanze naye safari hii. Kila mkutano amesema akipata udiwani hatasaini leseni yao mpya. Na sasa Tanuru walikuwa wamemshonea sare ya kampeni.

"Shemeji!" akaita.

Shemeji yake ni mdogo wa mumewe, fundi wa spika, aliyejiteua meneja wa kampeni kwa sababu ndiye mwenye spika. Alitokea mlangoni akitafuna. Alipoona maboksi yako wazi, akaacha kutafuna.

"Hizi fulana zimetoka wapi?"

"Kwa wafadhili."

"Wafadhili gani?"

"Wafadhili tu, shemeji. Siasa hizi, mkono mtupu haulambwi."

"Nimekuuliza jina."

Shemeji akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Usimsumbue bure," sauti laini ikasema nyuma yake. "Uliza wenye mali."

Akaingia Bwana Tuelewane.

Kama wewe ni mgeni kwenye ukurasa huu, shika hili moja kuhusu mtu huyu. Kadi yake inasema ni Mshauri wa Mahusiano wa Umoja wa Wayeyushaji. Kazi yake hasa ni kuhakikisha kwamba popote penye tanuru, anayechaguliwa anakuwa na deni la fadhila kabla hajala kiapo. Hatukani, hatishi, hapandishi sauti. Kila akimaliza jambo husema "tuelewane", na siku zote ni wewe unayemwelewa yeye.

"Ondoa takataka zako humu," Mama Chaki akamwambia.

"Zina picha yako, mwalimu. Usijiite takataka."

"Mimi sinunuliwi."

"Na sisi hatununui mtu. Sisi tunasimama nyuma ya mtu." Akatabasamu. "Leo tutasimama kweli kweli. Ni mlolongo, au siyo?"

Ilikuwa kweli. Ilikuwa asubuhi ya mchujo wa chama, na wanachama wa kata ile hawapigi kura kwa karatasi. Wanajipanga mstari nyuma ya mgombea wao, mistari inahesabiwa, basi. Na hapo chama kikisimamisha hata jiwe, jiwe linaapishwa. Anayeshinda mchujo ameshakuwa diwani, uchaguzi mkuu ni wa kupigia picha tu.

"Mna mtu wenu tayari," Mama Chaki akasema. "Mna Bwana Kofia. Miaka yote mmekuwa mkila naye sahani moja."

"Tumemchoka."

"Mumchoke yeye, mnifuate mimi niliyeapa kuwafungia?"

"Ndiyo sababu hasa." Bwana Tuelewane akakalia boksi moja, polepole, akiangalia asiikunje suruali. "Bwana Kofia akisema moshi wa Tanuru hauna sumu tena, watu watacheka mpaka machozi. Ukisema wewe, watashusha pumzi na kwenda zao. Aliyepiga kelele kuliko wote ndiye peke yake anayeweza kuwanyamazisha wengine. Tunafunga bomba jipya la moshi. Utakachoombwa ni kusema neno moja: sasa pako salama."

"Hilo bomba linachuja sumu?"

"Ni refu."

"Nimekuuliza linachuja?"

"Ni refu sana, mwalimu. Tuelewane."

"Sisemi. Hata mnishonee nguo za ukoo mzima."

Hapo mtu mwingine angekasirika. Bwana Tuelewane alijipangusa goti tu.

"Sijakuomba jibu. Mpigie mumeo kwanza."

Alfajiri Mama Chaki alikuwa amemwacha mumewe nyumbani na mtoto wao wa mwisho, Kitinda, baada ya mtoto kushikwa na degedege kwa mara ya kwanza. Alitoka kwa kulazimishwa na mumewe huyo huyo, aliyemwambia, "Nenda kashinde, ndiyo dawa pekee tuliyobaki nayo." Akatoa simu. Vidole vilikuwa vinakosea namba anayoijua kuliko jina lake.

"Mko wapi?"

"Hospitali kubwa," mumewe akajibu, na sauti yake ilikuwa na uhai ambao haukuwamo alfajiri. "Tumelazwa! Lilikuja gari ulipotoka tu. Dripu imeshaanza, mama Kitinda, ile dawa yenyewe ya kuvuta risasi."

Subirini niwaeleze hii risasi, maana hata mumewe ilimchanganya. Mwezi uliopita daktari aliwaambia kwamba mtoto ana risasi kwenye damu. Baba mtu alimvua Kitinda nguo pale pale kutafuta tundu. Ilibidi daktari amshike mkono, amweleze kuwa ni ile risasi ya kwenye betri, madini, inaingia kwa moshi na vumbi, na ikishaingia haitoki kwa maji ya moto wala kwa maombi. Kitinda alikuwa akihesabu mpaka mia bila kupumzika. Sasa anafika saba, anapotea njia, analia. Dawa ipo, ila mshahara wa mwalimu na kibarua cha mumewe cha kupaka rangi, hata vikifunga ndoa, havifiki mlangoni pake.

"Gari la nani?" Mama Chaki akauliza.

Mumewe akaanza kuwasifu wauguzi.

"Baba Kitinda, nimekuuliza, gari la nani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza!"

"Sikuuliza, mke wangu! Ulitaka nisimame mlangoni nihoji nyuma ya gari kuna nani, na mtoto anatoa povu mkononi mwangu?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kama ni kosa, liwe langu. Lakini asife."

Mama Chaki alikata simu. Angesema nini? Wewe unayesoma hii huku ukinywa chai na kujisemea "mimi ningekataa", weka kikombe chini kwanza. Umtazame mwanao anapocheza pale mlangoni, halafu uniambie.

"Hakuna masharti," Bwana Tuelewane akasema, akisimama. "Sisi ni watu wa kusaidia tu."

Nje kipyenga kikalia.

Msimamizi wa mchujo alikuwa refa mstaafu wa mpira, na kustaafu hakukumtenganisha na kipyenga chake. Uwanja wa ofisi ya chama ulikuwa umejaa mpaka getini. Juu ya ukuta, moshi wa Tanuru ulikuwa umeinama kuelekea kwao, wa kijivu, wenye ladha ya sarafu mdomoni.

"Wagombea kwenye nafasi zenu!" Refa akapaza sauti. "Nyuso ukutani! Atakayegeuka kabla ya kipyenga cha mwisho, kadi nyekundu, nje ya mchezo!"

Hiyo ndiyo kanuni ya kata ile, na sijaisikia kwingine. Mgombea husimama akitazama ukuta mpaka hesabu iishe. Zamani walikuwa wakiwatazama watu, mpaka mgombea mmoja alipomkazia macho mama mkwe wake aliyekuwa mstari wa pili. Mama wa watu akahama mstari, na ndoa ikahama naye. Tangu siku hiyo ni ukuta tu. Hujui nani yuko nyuma yako mpaka umeshinda au umeshindwa.

Mama Chaki akatazama ukuta. Rangi yake ilikuwa imebabuka. Shemeji, aliye wakala wake, alisimama pembeni na simu mbili mkononi, akikwepa macho yake.

"Wanachama, jipangeni!"

Miguu ikaanza.

Ya kwanza kufika nyuma yake ilikuwa mabuti. Mabuti mazito, ya watu wa Tanuru, yakigonga sakafu ya saruji. Moja, mengine, mengine tena. Mtu akakohoa mgongoni mwake kile kikohozi kikavu cha tanuruni, akamnong'oneza, "Tuko nyuma yako, mwalimu." Sauti haikuwa ya furaha wala ya chuki. Ilikuwa ya mtu aliyetumwa.

Mama Chaki alitamani ardhi ipasuke. Kampeni yote, miguu yote aliyoichosha akipita nyumba kwa nyumba, na mwisho wake nyuma yake pamejaa mabuti ya Tanuru!

"Matamu, siyo?" mtu akasema.

Alikuwa Bwana Kofia, diwani anayemaliza muda, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwake, naye uso ukutani.

"Usinisemeshe."

"Hayo mabuti. Mara ya kwanza niliyasikia hivyo hivyo nikadhani watu wananipenda."

Mama Chaki akakaza macho ukutani.

"Unadhani mimi nilizaliwa nikipenda moshi?" Bwana Kofia akaendelea, midomo haitikisiki. "Nilianza kwa kelele kama wewe. Nilikuwa na fulana kama hizo. Kaka yangu alikuwa anaoshwa damu, figo zimekufa. Likaja gari nyumbani."

Mama Chaki akasahau kutazama mbele. Akamtazama kwa pembe ya jicho, bila kugeuza shingo. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Bwana Kofia alikuwa kichwa wazi. Kofia ilikuwa chini, miguuni pake.

"Kaka yako yu wapi sasa?"

"Tumemzika miezi miwili iliyopita. Alikaa kwenye mashine yao miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo nilisaini." Akavuta kamasi. "Sasa hawana pa kunishikia. Leseni waliniletea baada ya arobaini, nikawaambia sisaini. Ndiyo maana wamenichoka. Walikwambia wamenichoka?"

"Walisema."

"Walikwambia kwa nini?"

Nyuma yao Refa alikuwa akiwafokea watu wanyooshe mstari.

"Geuka, mwalimu," Bwana Kofia akasema. "Ukigeuka umejitoa, nabaki mimi peke yangu. Leseni inakufa mezani kwangu."

"Na kama unanidanganya?"

"Inawezekana nakudanganya. Mimi ni mwanasiasa. Lakini kwangu unabahatisha. Kwako wewe hakuna kubahatisha, utasaini, kama mimi nilivyosaini. Kwa ajili ya watoto wa darasa lako, geuka."

Wasomaji wangu, Mama Chaki alimwamini. Nawaambia kwa sababu mtabishana. Alimwamini mtu aliyemtukana majukwaani miezi mitatu, kwa vile mtu hadanganyi kwa sauti ile akiwa amevua kofia. Aliwawaza watoto wa darasa lake waliosahau herufi walizozijua muhula uliopita. Akainua kisigino cha mguu wa kulia. Ilikuwa bado kuzungusha mwili tu.

"Shemeji!" Shemeji akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kaka amepiga. Chupa ya kwanza imeisha."

"Watundike ya pili."

"Hawajatundika. Kwenye dirisha la malipo wanasema anayelipa hajathibitisha. Wanasubiri simu yake. Bwana Tuelewane amesimama pale kwenye uzio. Ana simu mkononi. Hapigi. Ananitazama mimi tu."

"Mtoto?"

"Kaka anasema macho yameanza kupanda tena."

Kisigino kikabaki hewani. Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Chaki mpaka kidevuni na hakuwa na habari nayo. Kulia kwake kulikuwa na Bwana Kofia na darasa zima la watoto wa watu. Kushoto kwake kulikuwa na simu. Alimwomba Mungu amwondolee uamuzi, amwangushe hapo hapo azimie. Mungu hakumwangusha.

Akashusha kisigino.

Bwana Kofia alikiona. Hakumlaumu. Alisema tu, "Hata mimi," akafunga mdomo.

Hesabu ilichukua muda. Refa alipita mstari wa Bwana Kofia, akaja wake, akapita, akarudi, akaita wasaidizi, wakabishana, wakahesabu upya. Kisha kipyenga kikalia kirefu.

"Mshindi wa mchujo, Mama Chaki! Na siyo goli moja, ni kapu la magoli! Wagombea, ruksa kugeuka!"

Akageuka.

Mabuti yalikuwa machache. Wanaume kumi na kitu wa Tanuru, ndani ya fulana za sura yake, wakitazama chini. Basi, hao tu. Nyuma yao walisimama wanawake. Wanawake wa kata yake, mama zao watoto wa darasa la kwanza, wengine na wachanga mgongoni, wengine wameshikana mikono. Mstari wao ulipinda kwenye tangi la maji, ukarudi, ukatoka getini, na ukaendelea barabarani. Hawakuwa na fulana. Hawakupewa nauli wala soda. Walikuja na kandambili ambazo hazikusikika kwa kishindo cha mabuti.

Angeshinda bila Tanuru. Angeshinda saa ile ile, kwa watu wale wale! Uchungu ulimpanda mpaka akatamani kucheka.

"Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!" wakamwimbia.

Shemeji akamtia maiki mkononi. Upande wa pili akasimama Bwana Tuelewane, karibu kama ndugu wa bwana harusi, kidole gumba juu ya simu.

"Lile neno, mwalimu."

"Leo? Hata sijaapishwa!"

"Leo wamejaa. Kesho utawakusanya wapi?"

"Piga simu kwanza," Mama Chaki akamnong'oneza. "Nakuomba. Piga, nitasema."

"Sema, nitapiga. Tuelewane."

Shemeji alikuwa na simu ya kaka yake sikioni. Akatikisa kichwa tu, kwa namna ambayo hakuna mama angependa kuiona.

Mama Chaki akapandisha maiki.

"Wazazi wangu."

Uwanja ukanyamaza. Miaka yote, akisema "wazazi wangu" huwa anawaambia ukweli: mtoto wako hajui kusoma, mtoto wako anapigwa, mtoto wako ana akili, uza kitu asome.

"Tanuru wanafunga bomba jipya," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akaanza tena. "Nimelikagua mwenyewe. Sasa... sasa pako salama."

Halafu vigelegele vikalipuka mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Hakuna aliyeuliza bomba lina nini ndani. Kwa nini wangeuliza? Mwalimu amesema.

Bwana Tuelewane aliweka simu sikioni, akasema maneno mawili, akaitia mfukoni.

"Wanatundika!" Shemeji akapiga kelele huku analia. "Shemeji, wanatundika chupa!"

Mama Chaki alikuwa hamsikii. Alikuwa anamtazama mwanamke mmoja kijana, wa kwanza nyuma ya mabuti, aliyempakata mtoto mchanga. Uso wa mtoto ulikuwa umefunikwa kitambaa kibichi. Kila mama kwenye mstari ule mwenye mchanga alikuwa na kitambaa kibichi, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyewafundisha: moshi ukiinama huku, loweka kitambaa, kamua, mfunike pua.

Mwanamke yule aliutazama moshi. Akamtazama mwalimu wake. Akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekuwa akiogopa kitu cha bure, akaondoa kile kitambaa na kumfuta nacho mtoto jasho.

Aliyemfuata akaondoa cha kwake. Na wa tatu. Mstarini vitambaa vikawa vinashuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea getini.

Mtoto yule wa kwanza akafungua mdomo, mdomo mdogo, bila meno, akapiga mwayo mrefu katikati ya moshi.

Maiki ilikuwa bado mkononi mwa Mama Chaki, na ilikuwa bado imewashwa. Hospitalini, tone la kwanza la chupa ya pili ndiyo kwanza linashuka.